Waliobeba Kitanda

Wodi ya wazazi ya kijiji chetu niliipata kwa mdomo wangu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu ni kweli, na aibu yake nitaifikia mwenyewe huko mbele, sihitaji mtu wa kunisukuma.

Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikaacha nikaenda kuchunga. Nikauza dagaa wa Lamadi kwa baiskeli kijiji kwa kijiji, mpaka Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba. Waliozoea kusubiri chama cha ushirika walinicheka niliponunua pikapu chakavu na mzani. Msimu wa pili hawakucheka, walipanga foleni mlangoni kwangu.

Wakati huo bado tulikuwa mkoa wa Shinyanga. Mashirika nayo yalikuwa yameanza kuingia, kila moja na gari lake na bendera yake ubavuni. Kijiji kikanifanya mwenyekiti wa kamati ya zahanati, maana nilikuwa na gari na sikuogopa kuongea na watu wa ofisini. Tukaandika barua, tukaomba wodi ya wazazi. Akaja binti mmoja wa shirika kutoka Mwanza, mpole, ana kamera na kinasa sauti. Akaisoma barua yetu akiwa amesimama, akaikunja.

"Mzee, humu mna saruji, mabati na nondo," akasema. "Wanaotoa fedha kule kwao hawana habari na nondo. Nipeni mtu mmoja. Nipeni kisa chake."

Wenzangu wa kamati waliangaliana. Mimi nilielewa hapo hapo. Nilipouza dagaa sikuwahi kuwasifu dagaa, nilisifu ugali wa jioni ile. Nikamwambia, binti, mtu ninaye.

Mtu mwenyewe alikuwa shemeji yangu, mke wa mdogo wangu. Kisa chake cha kweli ni hiki.

Mwaka uliotangulia, katikati ya msimu wa pamba, uchungu ulimshika asubuhi na mtoto akakataa kutoka. Mdogo wangu alipanda baiskeli akanifuata posti, pale kituoni nilipokuwa nanunulia pamba. Pikapu ilikuwa imeshapakiwa, kamba zimekazwa, naondoka kwenda kiwandani. Kulikuwa na wanunuzi wengine wawili kwenye barabara ile ile, na kiwandani aliyefika kwanza ndiye aliyeshusha kwanza. Nikamwambia mdogo wangu, ngoja nishushe mzigo, nakuja. Alilitazama gari, akanitazama mimi. Mdogo mtu hamfokei kaka yake mbele ya watu. Akageuza baiskeli.

Aliyemwokoa ni jirani yangu. Shamba lake na langu yanapakana, na miaka ile sina kitu ndiye aliyenipa maksai wake wa kulimia. Alitoa kitanda chake cha kamba, akakifunga kwenye miti miwili, akapiga yowe. Wakaja wanaume saba, yeye wa nane. Walibeba wanne wanne kwa kupokezana, kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa nane imepita. Walipovuka mchanga wa mto jua lilikuwa utosini. Mmoja kandambili yake ya tairi ilikatika katikati ya mto, akaendelea peku na hakukishusha kitanda. Waliimba nyimbo zetu za kulimia njia nzima, ili yule mama asikie sauti za watu na asijisikie mwenyewe akilia. Wanawake walifuata nyuma na vibuyu vya maji.

Mimi nilishusha pamba yangu. Foleni ilikuwa ndefu. Nilipofika hospitali ya Bariadi niliwakuta wamelala chini kando ya uzio, mabega yamevimba. Shemeji alipona. Mtoto alitoka kimya. Mganga alisema, "Mngewahi kidogo tu."

Hakuna aliyenitazama. Jirani yangu akaninyooshea kibuyu kilichobaki na maji kidogo. "Kunywa," akasema. "Nawe umetoka mbali."

Sasa turudi kwa yule binti. Tulikaa nje kwangu, kinasa sauti kikizunguka, daftari lake amelilaza juu ya boneti ya pikapu yangu. Nikamweleza vizuri sana. Najua kueleza. Machozi yakamlengalenga. Kisha akauliza, "Nani alimbeba?"

Ningemwambia wanaume wanane na kitanda, swali la pili lingekuwa, "Na hili gari, mzee?" Nililiona linakuja. Nikasema, "Mume wake. Kwa baiskeli. Peke yake."

"Majirani hawakusaidia?"

"Ulikuwa msimu wa pamba, mwanangu. Kila mtu na lake."

Lile kosa langu nililigawa kwa kijiji kizima, na mimi nikabaki mweupe. Kinasa sauti kikameza.

Baada ya wiki mbili akarudi kupiga picha. Shemeji alikuwa amevaa kitenge chake kizuri na amesuka. Nikamwambia abadilishe, avae ile kanga ya jikoni. Akaingia ndani, akatoka nayo, uso umekunjamana.

"Shemeji, mimi sikupanda baiskeli," akasema. "Mwanamke mwenye hali ile anakaaje kwenye keria?"

"Wazungu hawajui hayo."

"Mimi je, sijui?"

Mdogo wangu alikuwa ameshika usukani wa baiskeli. Nikamwambia shemeji, fikiria wanawake wengine watakaojifungulia humo. Hapo nilimweza. Akakaa kwenye keria kiupandeupande, mdogo wangu akasukuma barabarani, binti akapiga picha mbele na nyuma. Jirani yangu akapita na ng'ombe wake wanatoka kunywa maji. Akasimama kutazama.

"Mwenyekiti," akaniita, "siku ile baiskeli hii ilikuwa na pancha?"

"Ni picha tu hiyo."

"Haya, pigeni. Na kengele ionekane."

Akacheka, tukacheka wote isipokuwa shemeji. Nilidhani mambo yameisha hapo.

Fedha zilikuja. Picha ya baiskeli ilitoka kwenye kijitabu cha shirika, jalada la mbele, na binti alituambia watu walikuwa wanatuma michango na barua ndani yake, wanauliza hali ya yule mume shujaa. Wodi ikasimama, vitanda sita, tangi la maji. Sijawahi kujisikia mtu kama siku ile ya kuifungua. Nilivaa koti. Wageni walikaa kwenye viti vya kanisani, wanakijiji chini. Binti akashika kipaza sauti akasema angetusomea kijitabu kwa Kiswahili, ili nasi tujue jinsi kisa chetu kilivyogusa watu wa mbali.

Akasoma. Alipofika kwenye baiskeli watu walicheka, wakidhani ni utani. Akaendelea. Aliposoma, "Ilikuwa msimu wa pamba na hakuna jirani hata mmoja aliyetoka kusaidia," kicheko kilikatika. Wale wanane walikuwa wamekaa pamoja karibu na ukuta mpya. Yule aliyetembea peku alitazama miguu yake. Jirani yangu alinitazama mimi.

Kisha nikapewa kipaza sauti. Kilikuwa mkononi mwangu, hiki hapa, na watu wote wapo, wageni wapo, na mkalimani yupo. Maneno machache yangetosha. Nikawashukuru wafadhili. Nikalishukuru shirika. Nikamrudishia binti kipaza sauti chake.

Siku ya tatu jirani yangu alikuja nyumbani. Hakukaa.

"Mwadila," akasalimia, nikaitikia. "Sikuja kugombana. Nina jambo moja. Jumapili kuna mkutano wa kijiji. Simama useme nani walibeba kile kitanda. Sema kwa Kisukuma, wageni wako hawatasikia. Watoto wetu walikuwepo pale. Wamesikia baba zao walikaa ndani."

"Nitasema," nikamwambia. "Lakini awamu ya pili bado. Nyumba ya nesi. Maneno yakifika Mwanza kwamba kisa kina kasoro, watafunga mkoba."

"Kwa hiyo?"

"Acha nyumba ya nesi iishe."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. "Mwenyekiti, hiyo nyumba ya nesi siyo inayokuzuia," akasema. Akageuka kuitazama pikapu, akaondoka.

Alikuwa amesema kweli. Ningeweza kusimama Jumapili ile na nyumba ya nesi isidondoke tofali hata moja. Niliogopa mtoto mmoja wa kijijini aulize, na gari la mwenyekiti lilikuwa wapi?

Nyumba ya nesi ilichukua misimu miwili. Ilipopigwa rangi nikasema sasa. Lakini kabla ya mkutano kuitishwa jirani yangu alikuwa ameshahama. Malisho yalikuwa yamebana, na watu wetu wengi walikuwa wanaswaga ng'ombe kwenda Rukwa. Aliondoka alfajiri na familia yake. Desturi ni kupita kwa majirani kuaga. Alipita kwa wote, kwangu hakupita.

Nilisema kwenye mkutano hata hivyo. Nilisema yote, na gari nikalisema. Wazee waliitikia, "Tumesikia." Shemeji yangu, aliyekuwa amekaa na wanawake, alisema kwa sauti, "Umechelewa kama siku ile." Hakuna aliyemkemea, wala mimi.

Jambo jingine linaloniuma lilitoka kwa yule binti mwenyewe. Miaka kadhaa baadaye, ameshaacha kazi ya shirika, tulikutana Bariadi sokoni. Nikamweleza ukweli, nikitegemea atakasirika. 

"Mzee," akasema, "wanaume wanane, wanaimba? Mmoja peku kwenye mchanga? Ungenipa hicho. Hicho kingejenga wodi na nyumba ya nesi kwa mara moja. Watu hupenda kuwasaidia wanaojisaidia. Mimi niliwauzia huruma kwa sababu ndiyo uliyonipa."

 Mimi niliyejidai najua kuuza, niliuza makapi na pamba safi nikaiacha ghalani. Leo vijana wa mashirika wakija kuniuliza namna ya kuandika visa vya vijiji vyao, huwa nawaambia kitu kimoja tu. Kabla hujakipeleka mbali, kisome mbele ya watu waliokuwepo, kwa lugha yao, na uwatazame nyuso.

Nilikwenda Rukwa mwishowe. Basi, kisha lori, kisha miguu. Nilimkuta jirani yangu amezeeka, ng'ombe wengi, ameozesha mabinti. Alinipokea vizuri. Alichinja mbuzi, akaniuliza mvua za kwetu, bei ya pamba, nani amekufa. Nilipoanza kusema kilichonipeleka alininyamazisha kwa mkono.

"Ulitutoa kwenye kisa ulipokuwa na shida yako," akasema. "Usiturudishe kwa ajili ya shida yako nyingine."

Ndiyo maana humu hakuna jina la mtu. Kwa kuandika hata hivi nimemvunjia nusu ya neno lake, najua.

Alasiri tulikaa nje tunapukuchua mahindi, yeye, mimi na wakwe zake wawili. Mkwe mmoja alikuwa analalamika kwamba zahanati ya huko iko mbali, mkewe ana mimba kubwa, watafanyaje. Mzee akamwambia, "Sisi kwetu tulibeba." Akaanza. Alitaja wanane wote kwa majina na baba zao, nani alishika mbele, nani nyuma, wapi walipokezana. Aliimba kipande cha wimbo. Alieleza mchanga, na kandambili iliyokatika, na wanawake na vibuyu. Alieleza mtoto, na jinsi walivyomzika. Wakwe walikuwa wameacha kupukuchua.

Nilikuwa nangoja posti, na pikapu, na mdogo wangu kugeuza baiskeli.  Hakuyagusa. Kisa chake kilitoka nyumbani kwa shemeji moja kwa moja mpaka mtoni, kana kwamba siku ile hapakuwa na mtu mwingine wa kufuatwa.

Mkwe akanigeukia kwa heshima. "Na wewe baba, ulibeba upande gani?"

Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa ameinamia mahindi yake, anapukuchua.

"Mimi sikubeba," nikasema.