Oddlaug na Kizimba cha Nne

Siku hizi samoni wa ghuba yetu wanalishwa na mtu aliyeketi mjini, anatazama kompyuta na kubonyeza. Hata harufu yao haijui! Mimi nazikumbuka enzi za Oddlaug, na nikizikumbuka moyo unaniuma.

Oddlaug Sandvær alikuwa mwenzangu kwenye vizimba vya samaki pale kisiwani, pande la mwanamama mwenye mdomo mkali. Mashine za kulishia zilikuwepo, lakini kizimba cha nne alikilisha mwenyewe kwa koleo, huku akiwasemesha samaki. Jumamosi alitupikia uji wa mchele wenye siagi na mdalasini, na ole wako uubakishe.

"Kula wewe, umekonda mpaka suruali inakukimbia."

"Nimeshiba, dada."

"Umeshiba nini? Lete bakuli!"

Vuli moja bahari ilikataa kupoa, vimelea wakawaingia samaki kwenye matamvua. Ukiyafunua unakuta madoa meupe na ute, samaki mwenyewe anahema juujuu. Tiba yake ni maji ya mtoni. Meli maalumu inawafyonza samaki hadi kwenye matangi yake, wanakaa humo bila chumvi, vimelea wanakufa. Ila ni lazima wakae na njaa kwanza, maana walioshiba huchafua maji ya tangi, wakakosa hewa wote. Oddlaug mwenyewe ndiye aliyenifundisha hayo.

Meli ilipofika, nahodha Sjur akavua samaki wachache wa kizimba cha nne, akawapasua. Matumbo yamejaa.

"Nani kawalisha hawa?"

Oddlaug akasema, "Mimi. Jana jioni."

"Wewe? Wewe, Oddlaug?"

"Walikuwa wananifuata, Sjur. Nikizunguka huku, wananifuata. Nikashindwa."

"Basi hawa siwapandishi. Na siwezi kungoja, kaskazini wananisubiri."

"Nakuomba, kaka."

"Watanifia mikononi, dada. Unajua."

Alijua. Vizimba vingine vikatibiwa, meli ikaondoka. Iliporudi, cha nne hakikuwa na wa kutibiwa.

Hakuna aliyemfukuza kazi, wala aliyemsema. Alikuwa akija alfajiri na kuwatoa wafu kwa wavu, mmoja mmoja, mvua inamnyeshea. Nilimhurumia mno. Siku moja nikaushika ule wavu nimpokee, akaninyang'anya.

"Niachie," akasema. "Hawa walikuwa wananijua mimi."