Vipepeo wa Mwaloni

Agnetha, ambaye watu wote humwita Mama Luka, ameosha mchanga wa dhahabu kwenye mwalo mmoja, eneo la kuoshea dhahabu, karibu na Kharumwa kwa miaka kumi na mmoja. Mgongo umechoka, macho bado. Kila masika yanapokatika, mwezi wa tano, huweka karai chini saa nne asubuhi, akaenda nyuma ya makarasha yanayosaga mawe, kwenye tope moja lisilokauka.

Hapo hushuka vipepeo. Wa manjano kama kiini cha yai, weupe, na wale wakubwa weusi anaowaita mabwana harusi. Mamia. Hufunga mbawa, hukunjua ndimi nyembamba kama uzi, wakanywa. Agnetha huchuchumaa, akipumua kidogokidogo asije akawatawanya.

Mwaka huu alimkuta Mwigulu, mchimbaji, amesimama pale na sururu, wenzake wanne nyuma yake.

"Shikamoo, Mama Luka. Umechelewa! Dhahabu imejitangaza yenyewe. Viumbe hawa hawajikusanyi bure."

"Marahaba. Usichimbe hapo, baba."

"Kwani una leseni?"

Wenzake wakacheka. Sururu ikapanda juu.

Agnetha alijua vipepeo walifuata nini. Lakini mwanamke wa umri wake kulitamka jambo lile mbele ya wanaume! Aibu tupu. Akinyamaza, kufika saa sita tope lote lingekuwa shimo.

"Mwigulu," akasema, "kila asubuhi unakojoa wapi?"

Sururu ikasita hewani.

"Hapo hapo. Wewe na hao wenzako. Wanafuata chumvi yenu."

"Kumbe Mama Luka hutuchungulia!" mmoja akapaza sauti, na kicheko kikavuma hadi kwenye makarasha. Uso ulimwaka Agnetha, ila hakuondoka.

"Nachungulia vipepeo. Nusa, kama mimi mwongo."

Mwigulu aliinama, akanusa, akakunja pua. Akailaza sururu chini. Wingu la manjano likainuka, likawazunguka vichwani, likashuka tena polepole. Bwana harusi mmoja akatua kwenye mkono wa Mwigulu uliolowa jasho, akakunjua ulimi.

"Mama Luka," Mwigulu alinong'ona, "ananinywa."

"Tulia basi, amalize."

Akatua wa pili. Kisha wa tano. Wale wanne waliacha kucheka. Mmoja wao, taratibu sana, akaanza kukunja mikono ya shati lake.