Siku Médiatrice Alipoitwa Annick

Kwa miaka kumi na tisa aliyoishi Husby, kitongoji cha Stockholm, Uswidi, Médiatrice hakuwahi kusafiri kwa ajili ya raha tu. Likizo zake ziliishia kwenye misiba na arusi za watu. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao, huko Farsta, upande wa pili wa jiji: kuwaogesha, kuwavalisha soksi za kubana, kuwapashia chakula. Wazee hao ndio waliomtia hamu ya bahari ya kusini. Karibu kila nyumba ilikuwa na picha ukutani, mwenye nyumba akiwa kijana, mwekundu kwa jua, na nyuma yake bahari ya buluu na kijiji kilichong'ang'ania mlimani.

Mwaka jana binti yake Inès, mwanafunzi wa chuo, akamwambia, "Mama, safari hii tunakwenda. Usinibishie." Wakaenda Kalabria, kusini kabisa mwa Italia, wiki moja.

Siku tatu za kwanza zilikuwa tamu. Médiatrice ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, aliyejifunza kuogelea ziwani. Aliingia baharini hadi shingoni akacheka mpaka watu wakageuka. Siku ya nne wakapanda basi dogo kwenda kijiji cha milimani ambacho Inès alikuwa amekiona kwenye simu. Barabara ilijikunja na kujikunjua, na kila kona bahari ilizidi kuwa mbali chini yao.

Walipoteremka, mzee aliyekuwa akifagia mbele ya kanisa aliacha kufagia, akavua kofia. Akaita mtu ndani. Mwanamke akatoka, akamwona Médiatrice, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Hawajazoea watu weusi hawa," Médiatrice akasema. "Tutembee."

"Mimi hawaniangalii, Mama. Wanakuangalia wewe."

Wakaketi kwenye mkahawa wa uwanjani. Kabla hawajaagiza chochote, mhudumu alileta kikombe, akakiweka mbele ya Médiatrice. Ilikuwa chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi, vilevile anavyoinywa kwake kila asubuhi.

"Umerudi, Annick," mhudumu akasema kwa Kifaransa. Alikuwa Mmoroko, jina lake Samir.

"Mimi siitwi Annick. Sijawahi kufika hapa."

Samir akautazama mkono wake wa kushoto. "Na hilo kovu la mafuta?"

Médiatrice akauficha mkono chini ya meza. Aliungua akiwa na miaka sita, jikoni kwa mama yake.

Samir akawaeleza. Miaka sita iliyopita watu wa kijiji walishuka pwani kuokoa abiria wa boti iliyopinduka. Miongoni mwa waliookolewa alikuwapo mwanamke aliyejitaja kwa jina la Annick tu. Akapewa chumba kwa bibi mjane, Assunta, naye Annick akamtunza bibi huyo miaka minne kama mzazi wake. Asubuhi moja ya Februari akashuka pwani, hakuonekana tena.

"Pengine ni ndugu yako," Samir akasema.

"Sina dada. Tulizaliwa wanne, na watatu ni wanaume."

Kwa Assunta walikwenda kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kimeshajipanga njiani, na hapakuwa na namna ya kukataa. Bibi alikuwa karibu kipofu. Alimpapasa Médiatrice uso, masikio, akafika kwenye kovu, akatulia hapo. Akasema jambo, na Samir akatafsiri polepole:

"Anasema mikono yako ni baridi. Anasema umekaa majini muda mrefu mno."

Inès alisimama mlangoni. "Mama, twende. Tafadhali."

Lakini Médiatrice alikuwa ameshaiona miguu ya bibi ilivyovimba. Akaomba beseni na maji ya vuguvugu, akapiga magoti, akaiosha, kama ambavyo angemwosha mzee yeyote wa Farsta. Alipoinuka ndipo alipoiona picha juu ya kabati. Haikuwa ya mtu anayefanana naye. Ilikuwa sura yake mwenyewe, mwanya wake, jicho lake la kulia linalofumba kidogo anapocheka. Akaifunika.

"Mwambie bibi ninakaa mbali," akamwambia Samir, "lakini nitampigia kila Jumapili."

Siku zilizobaki alikaa ufukweni akiwa amevaa nguo zake. Inès alipomwita majini, alitikisa kichwa.

Aliporudi Stockholm alitimiza ahadi. Kila Jumapili baada ya misa alipiga simu, Samir akiwatafsiria, bibi akauliza amekula nini, kama kuna baridi. Jina la Annick alikuwa ameacha kulikanusha.

Mwezi wa Novemba, asubuhi ya Alhamisi, Samir ndiye aliyepiga. Médiatrice alikuwa kwenye treni akielekea kazini.

"Bibi alifariki jana jioni, kwa amani. Sote tunakushukuru kwa kuja."

"Sijaja, Samir. Wiki nzima niko kazini."

"Ulikaa naye siku tatu," Samir akasema. "Ulimwogesha. Ulimfumba macho wewe mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuletea chai. Alfajiri ya leo tumekuona ukiteremka kuelekea pwani."

Treni ilikuwa imejaa watu wenye makoti mazito, kila mmoja na simu yake. Médiatrice aliutazama uso wake kwenye kioo cheusi cha dirisha, akaona machozi kabla hajayahisi. Baadaye alimwambia Inès kwamba hofu haikumjia hata kidogo, na hilo ndilo lililomshangaza.

"Mna mtu wa kumfuata huko chini?" akauliza. "Asiwe peke yake."

"Tulimfuata," Samir akajibu. "Tulifika mpaka majini. Tukaita majina yako, yote mawili, hakugeuka."