Nasambu na Magunia Mabichi ya Baba Mkwe

Saa tatu asubuhi, Novemba 2006, kwenye ghala la mahindi mjini Kitale. Malori yamejipanga hadi barabarani na wenye magunia wamenuna. Nasambu, mpimaji wa unyevu, anachomeka kipimo kwenye gunia, anasoma, kisha anainua macho. Aliyesimama mbele yake ni Mzee Wekoye, baba wa mumewe.

Kipimo kinasema unyevu ni asilimia kumi na saba. Ghala halipokei yanayozidi kumi na tatu na nusu.

"Ati huyo ni baba mkwe wake?" anauliza Ndung'u, mkulima aliyerudishwa jana na mahindi mabichi. "Leo tutaona. Huyu akipita, na mimi naleta yangu hivyo hivyo, bana."

Foleni inacheka, lakini kicheko chenyewe kina meno.

Nasambu, mwenye miaka thelathini na minne, ni mzaliwa wa Kabuchai, Bungoma. Kazi hii ameifanya tangu 2001, na matusi ameyala hadi akayakinai. "Mtu akinitusi, natoa punje kumi kwa gunia, naangalia moja moja," anasema. "Nikifika ya kumi, ile jibu mbaya imeshapita."

Hakuzaliwa na utulivu huo. Mwaka 2004 alimwonea haya jirani wa nyumbani, akampitishia magunia thelathini mabichi. Yaliota kuvu, yakaharibu rundo zima, na mlinzi wa ghala akafutwa kazi kwa kosa lisilo lake. Nasambu alinyamaza. "Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo," anasema.

Leo punje kumi zimekwisha na bado hajatulia. Mzee amekodi shamba kule Saboti, na magunia haya arobaini ndiyo jasho lake la mwaka mzima. Akiyakataa, atarudi vipi kwa mumewe?

"Hiyo mashine inadanganya," mzee anasema, macho yakiwa pembeni. "Mimi nimeanika siku nane."

Kwao, mkaza mwana na baba mkwe hawapeani kitu mkono kwa mkono. Basi Nasambu anatia punje na chumvi kavu kwenye chupa, anaiweka juu ya gunia, anarudi nyuma hatua tatu.

"Baba, tikisa mwenyewe. Chumvi ikishika chupa, mahindi bado."

Mzee anatikisa, kisha anaiinua chupa juani. Chumvi imenata pande zote, nyeupe pe.

Hakuna anayecheka sasa. Mzee anawaambia wapakiaji wayarudishe magunia kwenye lori, anaondoka bila kuaga.

"Pole, mama," Ndung'u anasema kwa sauti ya chini. "Wacha nikaanike yangu."

Nasambu ameomba likizo ya siku tatu. Anataka kwenda Saboti na maturubai mawili, ayaanike na kuyageuza mahindi hayo mpaka yakauke, mzee ampokee au amfukuze.

"Nitapika ugali, niweke mezani, nitoke nje," anasema. "Akikula, nitajua bado niko na nyumba. Akikataa, nitageuza mahindi yake tu."