Mashua Iliyonuka Samaki

Kila asubuhi nikienda shuleni napita nyuma ya jiko la mama Zaina, na kila asubuhi moshi wa samaki wake unanikamata shati. Darasani wanasema ninanuka kama soko. Waache waseme. Wao wanasikia samaki, mimi nasikia mashua. Nasikia na hasira pia, ingawa sasa nina miaka kumi na saba na ndevu tano, ambazo nazihesabu.

Wakati ule nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa kambi ya reli, hapahapa Kindu, na baba yangu alikuwa fundi wa vyuma kwenye karakana ya treni. Sisi ni watu wa Kasai. Mto tuliukuta huku, hatukuzaliwa nao, na kwetu kuogelea kulihesabiwa kuwa njia ya mkato ya kwenda mbinguni. Lakini ile mashua kubwa inayoteremka mto mpaka Ubundu ilipopiga honi, mimi niliacha sahani na bukari, ugali wetu, ndani, nikakimbia kuitazama. Wadogo zangu walijua. Waliipenda ile honi kuliko mimi.

Basi nikaamua kuitengeneza. Si kuichora, kuitengeneza: ya mti, ya kuelea. Kisu changu kilikuwa kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika, baba alikinoa na kukifunga kitambaa pa kushikia. Mti ulikuwa parasolie, ule mwepesi unaoota wenyewe kwenye mashamba yaliyoachwa, unachongeka kama muhogo uliochemshwa. Mashua ya kwanza ilipasuka siku ya tatu, tangu mbele hadi nyuma. Ya pili nayo ikapasuka. Mama Zaina, jirani yetu, mke wa mvuvi, alinikuta nikiitukana.

"Wee Kabeya, unachonga mti mubichi halafu unautia kwa jua? Hata wewe ukianikwa hivi utapasuka. Leta hapa."

Ya tatu akaipandisha juu ya uchaga wake, pale anapokaushia samaki. Kwetu tulipikia makala, yaani mkaa, moshi hapana. Kwake moshi haukukatika hata siku ya mvua. Wiki mbili mashua yangu ililala na samaki. Ilishuka nyeusi, ngumu, haina ufa hata mmoja, na ina harufu iliyoshinda sabuni tatu.

Hapo mama Zaina akaniambia neno la pili. "Sasa ipime kwa maji ingali tupu. Tia vijiwe ndani, kidogo kidogo, mpaka isimame. Mapambo ni ya mwisho. Njo vile tunafanya siye."

Lakini mimi mtoto wa reli! Nyumbani chuma kilikuwa kimejaa hadi chini ya kitanda. Nikaijengea ghorofa mbili kwa makopo ya sardini, nikaipigia bulo za baba, zile skrubu nene za treni, kila kona, na bulo kubwa kuliko zote nikaisimamisha juu kabisa iwe bomba la moshi. Mama Zaina alipoiona alishika kiuno.

"Baba Kabeya, umuambie mutoto. Treni iko na njia ya kuishika. Mashua inajishika yenyewe."

Baba akacheka tu. Jioni ile aliiweka mashua kwenye viganja vyake viwili, akaipandisha, akaishusha, kama mtu anayekisia uzito wa kuku. Kisha akasema: "Kabeya, hii itaelea mpaka Ubundu. Siku ya posho, tukitoka salongo, mimi na wewe, mtoni."

Nanyi mjue, baba hakuwa mtu wa sifa. Sifa ya mwisho niliyomsikia akitoa ilikuwa ya injini ya treni. Nililala na lile neno kama mtu anavyolala na blanketi jipya.

Siku ya posho ikafika. Kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya Chama, nililima majani mbio mbio mpaka kidogo nilime na mguu wa mwalimu. Nikarudi nyumbani na jembe begani. Dirishani, mahali pa mashua, hapakuwa na kitu. Mama alikuwa anasonga bukari. Hakuniangalia.

"Uliza baba yako."

Baba alikuwa amevaa abakosti, suti ya kwendea kwa wakubwa, kwenye joto lile.

"Nimempa shefu, mkubwa wangu kazini."

"Shefu ana mtoto?"

"Hapana."

"Shefu anaenda mtoni?"

"Kabeya, kula."

Kesho yake alinipeleka kwa shefu kusalimia. Mashua yangu ilikuwa kwenye kabati la vioo, katikati ya maua ya plastiki na picha ya Kiongozi. Mke wa shefu alikuwa anazunguka sebuleni, pua juu: "Lakini nini iko nanuka samaki humu?" Nikamtazama baba. Baba akatazama dari.

"Sitwayeni, mtoto wako ni fundi!" shefu akamwambia baba, kwa lile neno la Chama la kuita mwananchi.

"Ndiyo, shefu."

Siku nane sikumwamkia baba.

Mama alinieleza nilipofika sekondari. Siku ya maandamano ya Chama baba alikuwa kanisani, kwaya yake ilikuwa na maziko, na jina lake likaandikwa kati ya waliokosekana. Karatasi ilikuwa mezani kwa shefu: tungehamishwa kwenye kituo kidogo porini ambako shule inaishia darasa la tatu. Mashua ilipoingia kabatini, karatasi ikapotea. Kumbe mimi huenda ndiye mtoto mdogo kuliko wote Zaire aliyetoa rushwa, tena bila kujua! Nilivimba kifua wiki nzima. Nikamsamehe baba, bure, bila hata yeye kuomba.

Mwaka jana shefu akahama. Kwenye takataka zake nikaikuta, vumbi tupu, bulo zote mahali pake. Nikaificha ndani ya shati hadi mtoni, nikapiga magoti, mkubwa mzima, nikaiweka majini taratibu.

Ikapinduka. Tumbo juu, kama mbwa anayetaka kukunwa. Nikaiinua, ikapinduka. Nikang'oa bomba, nikang'oa ghorofa zote mbili. Hapo ikasimama, ikatikisika kidogo, ikatulia juu ya maji kama imezaliwa humo.

Nilirudi nimelowa. Baba alikuwa anafungua redio kwa bisibisi.

"Baba, ile mashua inapinduka."

"Najua."

"Tangu lini?"

Hakuinua kichwa. "Tangu ile jioni niliipima kwa mikono. Chuma ni kazi yangu, Kabeya."

"Na ukasema mpaka Ubundu?"

Akageuza skrubu moja, akaigeuza tena. "Nilijua haitagusa maji."

Hapo ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimemsamehe kosa la siku ya posho, kumbe kosa lenyewe lilikuwa la ile jioni. Nikiwa najifunika sifa yake kama blanketi, yeye moyoni alikwisha kuitoa mashua, na kitu cha kabatini hakina haja ya kuelea. Kuichukua, sawa, alituokoa. Lakini angeniambia tu "ng'oa bomba", ningekuwa na mashua ya kweli hata siku moja, hata nusu saa.

Sasa nachonga nyingine. Iko juu ya uchaga wa mama Zaina, na nitaipima ingali tupu, peke yangu. Msimwambie mtu. Na siku hizi mtu akisifu kazi ya mikono yangu, kabla ya kufurahi naangalia kwanza kama ana shefu wa kumpelekea.