Mama Mkwe na Ekzosi Iliyokatwa

Sikuikata ekzosi ya pikipiki yangu kwa sifa. Niseme hivyo mapema, kabla watu hawajaanza. Vijana wa leo wanatoboa ekzosi ili wasichana wageuke. Mimi nilikuwa na mke, watoto na makreti ya mikate, na sikutaka mtu yeyote ageuke.

Hiyo ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini. Nilikuwa nikitoa mikate Machakos mjini na kuipandisha kwenye vioski vya milimani. Pikipiki yenyewe niliinunua ikiwa mzee tayari, zile za zamani za kuchanganyiwa petroli na oili, na kwenye mwinuko ilikuwa ikikohoa hadi naionea huruma.

Mama wa mke wangu alikuwa akiishi kando ya barabara hiyo hiyo, chini yetu kidogo. Alikuwa na kisukari, na kisigino chake kilikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Hospitalini walimwambia aje kufungwa dawa mara kwa mara na asikanyagie ule mguu, la sivyo utakatwa. Yeye akawa anaenda kwa miguu. Mkwe wake anapita hapo kila asubuhi na pikipiki, na yeye anaenda kwa miguu!

Sababu ilikuwa nthoni. Kwetu Ukambani, kwa watu wa rika lake, mama mkwe na mkwe hawakutani ana kwa ana. Mama akimsikia mkwe anakuja, anatoka njiani na kumpa mgongo mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima. Na mama alikuwa anaujua mlio wa pikipiki yangu kutoka mbali. Nikifika kwenye kona yake, nakuta njia tupu na ncha ya leso ikipotelea kwenye mibuni. Na mguu ule!

"Si usimame umbebe?" mke wangu akaniuliza siku moja.

"Nimbebe vipi mtu aliye ndani ya kahawa?"

"Hiyo heshima yenu itamkata mama mguu, baba watoto." Akaanza kulia. Mimi nikatoka nje kuangalia pikipiki, maana angalau hiyo nilidhani ninaielewa.

Fundi mmoja wa mjini alikuwa ameniambia pikipiki ni kama mtu, ikizibwa pua haipandi mlima. Basi nikaamua kuizibua kabisa. Jumapili moja nikaifungua ekzosi, nikaiweka kwenye moto wa kuni uani ili masizi yaungue. Moshi mweusi ukatoka, mke wangu akaanua nguo kwenye kamba huku akinitazama kwa jicho ambalo nisingependa kulieleza. Ilipopoa nikakata mkia wake kwa msumeno wa chuma, nikavuta lile bomba la ndani lenye matundu, nikalitupa kwenye gunia. Ekzosi ikabaki tupu kama tarumbeta. Nikaifunga tena, nikapiga kiki.

Woi! Kuku waliruka. Mbwa akaingia chini ya ghala na hakutoka mpaka jioni. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nguvu hizo, nikasema, sasa mlima utanijua.

Kesho yake mlima haukunijua. Kwenye tambarare pikipiki ilinguruma kama lori, lakini ikifika kwenye mwinuko inaishiwa pumzi, mbaya kuliko zamani. Nikabadilisha plagi. Nikaosha kabureta. Nikakaza kila kilichokazika. Kelele zote hizo zinatoka wapi, kama nguvu hakuna? Wenye vioski walikuwa wakinisikia nikiwa mbali, wananisifu, "Hiyo sasa ndiyo mashine!" na mimi huko nyuma ya kona nimepitwa na punda wa maji. Nilichanganyikiwa hadi nikaanza kuota ekzosi.

"Debe tupu haliachi kuvuma," mke wangu akasema.

Nikarudi kwa yule fundi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia nilizibua pua nikang'oa na mapafu, kwamba injini ya aina hii inahitaji lile bomba ili pumzi isitoke yote ovyo. Nirudishe. Nikamkasirikia, kisha nikakubali kwamba Jumamosi nitarudisha.

Lakini kabla ya Jumamosi, nikiteremka asubuhi na makreti matupu, nikafika kwenye kona na kumkuta mama mkwe. Hakuwa kwenye kahawa. Amesimama katikati ya barabara, kiondo begani, mkono juu.

Nikasimama. Nikaangalia nyuma yangu, labda kuna gari. Hakukuwa na kitu.

"Kijana," akaniambia, "unafika hospitali?"

Kwa Kiswahili. Hapo ndipo akili yangu iliposimama. Sisi na yeye salamu zetu zilikuwa za Kikamba, na zilipitia ukutani. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya polisi, madaktari na watu asiowajua. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia kwa ule ugonjwa, na mimi nilikuwa nimevaa kofia ngumu na kitambaa cha vumbi usoni. Alikuwa amesikia pikipiki ya mtu mwingine. Au? Nikimwambia ni mimi, atakimbilia kahawa na mguu ule, na aibu juu yake. Nikinyamaza, mimi na mama mkwe tutakaa kiti kimoja, na sijui ni mbuzi wangapi wa kuchinjwa kuosha jambo kama hilo.

"Panda, mama," nikasema kwa sauti nzito isiyokuwa yangu.

Akapanda upande, akaweka kiondo chake katikati yetu, akakishika hicho. Tukaenda.

"Dereva," akasema tulipokaribia mjini, "hii pikipiki yako inaumwa."

"Ndiyo, mama."

"Ipeleke kwa daktari."

Nilimsubiri hospitalini, sijui kwa nini, na akanikuta pale kana kwamba tulipatana. Kurudi, pikipiki ikashindwa na mlima ikiwa na watu wawili. Nikashuka. Nikatia gia ya kwanza, nikatembea kando yake nikiisukuma huku inanguruma, yeye amekaa juu peke yake, mguu umenyooka. Nilitoka jasho la ajabu. Katikati ya mwinuko nikatambua kwamba kama ingekuwa na nguvu nilizozitafuta, tungelazimika kukaa pamoja mpaka juu.

Jumamosi nikalitoa lile bomba kwenye gunia, nikalishika, nikalirudisha kwenye gunia.

Ikawa hivyo kwa miezi. Mikate ilichelewa, wenye vioski wakanung'unika, petroli ikaisha kama maji. Kila siku yake ya kufungwa dawa alikuwa kwenye kona, mkono juu, "Kijana, unafika hospitali?" kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Nyumbani sikusema neno.

Jioni moja mke wangu anasonga ugali, akasema bila kugeuka, "Mama anasema kuna kijana wa pikipiki ya kelele, Mungu ambariki. Anauliza mbona mkwe wake hana roho kama ya yule."

Nikaacha kutafuna kipande cha mkate. Nikamwangalia mgongoni kuona kama anacheka. Mwiko uliendelea kuzunguka. Kusema kweli niliona wivu, nikakasirika kabisa, na nikashindwa kujua nimkasirikie nani.

Kidonda kilifunga. Hospitalini wakamwambia amepona, mguu ni wake. Wiki hiyo nikampelekea fundi ekzosi na bomba lake, akachomelea kila kitu mahali pake. Pikipiki ikatulia, ikapanda mlima kama mbuzi.

Asubuhi iliyofuata nikateremka. Kwenye kona nikaiona leso ikiingia kwenye mibuni. Alikuwa amesimama humo, mgongo kwangu, kichwa amekifunika, miguu yote miwili chini. Nikapunguza mwendo na kutazama mbele, kama inavyotakiwa.

"Dereva," sauti ikatoka kwenye kahawa, kwa Kiswahili, "imepona?"

Nikashika breki kidogo.

"Imepona, mama," nikajibu, nikaendelea kutazama mbele.