Mkono Ukiwaka Kabla ya Usingizi

Mwanangu, kwa kuwa kesho unapasuliwa, acha nikukumbushie siku nami nilipolazwa kwenye meza ile. Nilikuwa kijana, ngiri imebana utumbo, tumbo gumu, natapika tu. Tulitoka kijijini Mungaa kwa gari la kuomba hadi hospitali, na daktari alimwambia mama yangu waziwazi kwamba tukichelewa utumbo utaoza.

Niliogopa, nisikudanganye. Mimi niliyewachoma sindano ng'ombe wa ukoo mzima, nilifumba macho nisiione sindano yangu! Mama mmoja, mtaalamu wa dawa za usingizi, akachukua bomba la sindano lenye dawa nyeupe kama maziwa, akaanza kuisukuma kwenye mshipa mdogo nyuma ya kiganja changu.

Mkono ukawaka moto. Sasa mimi kwa ng'ombe nilijua hivi: ukimchoma mshipani akaruka, basi dawa imetoka nje ya mshipa, au umekosea chupa. Nikaichomoa ile kanula, kimrija cha plastiki walichokuwa wamenichomeka mshipani, damu ikatapakaa kwenye shuka.

"Mnaniua!" nikapiga kelele, ulimi umeshaanza kuwa mzito.

Yule mama akanibana kwa pamba palipovuja damu. "We mtoto, dawa hii yenyewe inachoma ukuta wa mshipa kwa ndani, hata ikiwa mahali pake. Mshipa mdogo ndio unauma zaidi, maana damu ya kuizimua ni kidogo. Ungesema tu inauma, ningesimama nikaangalia. Sasa tutafute mshipa mwingine, na utumbo wako haungoji."

Walihangaika. Mwili ulikuwa umekauka kwa kutapika, mishipa haionekani, na nikasikia mtu akinong'ona kwamba presha inashuka. Hofu ile sijaipata tena maishani. Mwishowe wakapata mshipa mkubwa kwenye kiwiko, yule mama akatanguliza dawa ya ganzi kidogo, nami nikasikia joto tu.

Nilipoamka wakaniambia wamekata kipande cha utumbo kilichokufa. Sikumwuliza daktari kama kingepona bila muda ule niliowapotezea. Mpaka leo naogopa jibu lake.

Kwa hiyo kesho mkono ukiwaka, mwanangu, sema. Usikaze meno ukanyamaza, maana huenda kweli dawa imetoka nje ya mshipa. Wala usichomoe kitu. Mwachie aliyeshika bomba aangalie. Mungu akulaze salama, akuamshe salama, na mama yako akupokee ukiwa mzima.